Katuni Zilizonyimwa Nafasi: Hotuba Kuhusu Filamu za Familia za Miaka ya Tisini

Hii ni hotuba nzima iliyotolewa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, mbele ya wazazi, walimu na wenye vibanda vya video. Tumeiweka hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wetu, walimu, akina mama na akina baba, vijana wenye vibanda, nanyi watafsiri wa filamu vibandani, ambao sauti zenu zinajulikana mtaani kuliko sura zenu: hamjambo wote? Karibuni sana. Waliosimama nyuma wasogee, nafasi bado ipo huku mbele kwenye mikeka.

Mzazi akiingia kibandani kutafuta filamu ya watoto, huomba nini? Huomba ya simba. Akiikosa ya simba, huomba ile ya wanasesere wanaotembea. Ni filamu nzuri, sikuja kuzipiga vita. Lakini miaka ile ya tisini ilizaa filamu nyingi za katuni zilizochorwa kwa mkono, kwa ustadi na kwa gharama, na baadhi yake hazikuangaliwa. Hazikuangaliwa kwao, na kwetu ndiyo kabisa.

Watu wakisikia filamu ilianguka sokoni, huhukumu papo hapo kwamba ni mbovu. Mimi nawaomba tuulize kwanza: ilianguka, au ilinyimwa nafasi? Swali hilo nitalirudia jioni hii mpaka mlichoke.

Tuanze na kalenda. Tarehe 16 Novemba 1990 kampuni ya Disney ilitoa The Rescuers Down Under. Panya wawili, Bernard na Bianca, wanasafiri mpaka Australia kumwokoa mtoto aitwaye Cody, aliyetekwa na jangili anayemtafuta tai mkubwa. Sisi wenye mbuga na majangili wetu hatuhitaji kuelezwa hadithi hiyo. Ila mkiipata, angalieni mwanzo wake kwa makini. Mtoto anapanda mwamba, anamkuta tai amefungwa kamba, anamkatia kamba kwa kisu chake. Tai anapapatika, mtoto anasukumwa, anaanguka kutoka kileleni. Tai anamfuata chini na kumdaka hewani, kisha wote wawili wanapasua mawingu. Mchoraji aliyesimamia tai yule ni Glen Keane. Hakumpa maneno, wala hakumpa tabasamu la binadamu. Anachohisi ndege yule unakisoma kwenye shingo, kwenye kucha na kwenye mabawa.

Filamu hiyo ina jambo jingine la kihistoria. Kabla yake, kila mchoro ulihamishiwa kwenye karatasi ya plastiki angavu: mistari upande wa mbele, rangi upande wa nyuma, kisha plastiki inalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Kazi hiyo ilikuwa na balaa zake. Vumbi lilinaswa kati ya plastiki na kuonekana kama madoa yanayorukaruka. Na ukilaza plastiki nne au tano moja juu ya nyingine, rangi za chini zilififia, hivyo wapaka rangi walilazimika kuchanganya rangi tofauti kidogo kwa ajili ya kila tabaka ili mhusika asibadilike sura akihamishwa. Filamu hii ndiyo ya kwanza ndefu ambayo kazi yote ya wino na rangi ilifanyika kwenye kompyuta. Michoro bado ni ya penseli, ya mkono wa mtu, ila matabaka yanaweza kuwa mengi na kamera inaweza kupita katikati yake bila rangi kuharibika.

Sasa, ilikuwaje? Siku hiyo hiyo ilitoka Home Alone, ile ya mtoto aliyesahaulika nyumbani. Familia nyingi zilikimbilia huko. Baada ya wikendi ya kwanza tu, matangazo ya televisheni ya filamu ya tai yaliondolewa. Wenzangu, filamu ya watoto huenea kwa mtoto kumwambia mtoto mwenzake shuleni siku ya Jumatatu. Ukiizima Jumatatu, nani atamwambia nani? Ilianguka, au ilinyimwa nafasi?

Tarehe 18 Novemba 1994 yakatokea yale yale. Mkurugenzi Richard Rich, aliyewahi kufanya kazi Disney, alitoa The Swan Princess, hadithi ya Odette anayegeuzwa batamaji. Siku hiyo hiyo Disney waliirudisha The Lion King sinemani, filamu ambayo dunia nzima ilikuwa imeshaipenda tangu Juni. Hapa niwe mkweli: The Swan Princess haimfikii tai, na katikati inazunguka mahali pamoja. Lakini mwanzo wake ni mzuri. Ndani ya wimbo mmoja, Derek na Odette wanakua kutoka watoto wanaochukiana hadi vijana wanaoangaliana kwa macho mengine, na wimbo unabeba miaka yote hiyo bila mtu kusimama kueleza. Mwalimu wa kuigiza akitaka kuonyesha wanafunzi namna ya kupitisha wakati jukwaani, hapo pana somo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Balto. Ilichorwa London na studio ya Amblimation, ikatoka Desemba 1995. Mwezi mmoja kabla, tarehe 22 Novemba, ilikuwa imetoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Ghafla kila kilichochorwa kwa penseli kikaonekana cha kizamani. Balto haikupata watu sinemani, lakini kwenye kanda ilipata, hata zikafuata sehemu nyingine mbili za kuuzwa kwa kanda. Watoto walipoipata nyumbani, wakaitaka tena na tena.

Na hapa wazazi nisikilizeni, kwa sababu Balto inataka mtu mzima akae karibu na mtoto. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwanzoni mwa 1925 mji wa Nome, Alaska, ulikumbwa na ugonjwa wa dondakoo. Dawa ilisafirishwa kwa mbwa wa kukokota sleji kwenye barafu, kilomita zaidi ya elfu moja, waendeshaji 20 wakipokezana, kwa muda wa siku tano na nusu hivi. Balto aliongoza mbwa wa Gunnar Kaasen kwenye kipande cha mwisho, ndiyo maana sanamu yake iko New York. Lakini kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote alikivuka Leonhard Seppala, na mbwa wake wa mbele aliitwa Togo. Filamu haimtaji Togo. Inamfanya Balto nusu mbwa mwitu, jambo ambalo si kweli, na inamtungia adui. Je, tuiache kwa sababu hiyo? Hapana. Mwoneshe mtoto filamu, kisha mpe kisa cha Togo. Mtoto wa miaka minane anaelewa vizuri kabisa kwamba anayefika mwisho hupigiwa makofi ya kazi ya wote. Na wodi ya watoto wenye dondakoo kwenye filamu ile ni nafasi nzuri ya kumweleza kwa nini alichomwa sindano za chanjo akiwa mdogo, kwa sababu ugonjwa huo umo katika chanjo anazopewa kila mtoto wetu.

Yatosha ya kalenda. Sasa niwaonyeshe kazi ya mkono ilivyo, na filamu ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja au nitakazozitaja: The Iron Giant, ya 1999, iliyoongozwa na Brad Bird.

Jitu la chuma linaanguka kutoka angani karibu na mji mdogo wa Maine, mwaka 1957, wakati Wamarekani wamejaa hofu ya vita na ya chombo cha Warusi kinachozunguka juu ya vichwa vyao. Mtoto Hogarth analikuta msituni, linakula chuma. Swali lililomsukuma Brad Bird lilikuwa hili: itakuwaje silaha ikiwa na roho, na isitake kuwa silaha? Ndugu zangu, katika nchi yetu hii, swali hilo linahitaji kufafanuliwa kwa nani?

Angalieni kipande cha paa msituni. Jitu linamwona paa, linanyoosha kidole kikubwa kuliko mti, linamgusa kidogo tu. Paa anakimbia. Mlio wa bunduki unasikika. Jitu linamkuta amelala, linamsukuma kwa kidole ili ainuke, hainuki. Hakuna muziki wa kukuvuta machozi kwa nguvu. Uso wa jitu una sehemu chache mno: vifuniko vya macho na taya. Kwa vifaa hivyo viwili wachoraji wanakuonyesha kiumbe kinachojifunza kifo kwa mara ya kwanza. Baadaye Hogarth anacheza naye akiwa ameshika bunduki ya kuchezea, na macho ya jitu yanabadilika. Mtoto hakukusudia. Jitu halikukusudia. Watoto wakifika hapo huwa kimya, na mtu mzima asiongee.

Nieleze ugumu wa kazi yenyewe. Sinema hupita kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Filamu hii ni ya dakika 86, yaani karibu fremu 124,000. Katika katuni ya mkono, mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ya mhusika mmoja inataka michoro 12. Mchoraji mkuu huchora mikao mikubwa, wasaidizi wakajaza ya katikati. Wakikosea upana wa kichwa kwa unene wa mstari tu, kwenye skrini kichwa kinaonekana kinapumua. Kwa binadamu kosa hilo linavumilika. Kwa jitu la chuma halivumiliki, kwa kuwa chuma hakibonyei. Basi jitu likatengenezwa kwa kompyuta, watu wote wakachorwa kwa mkono. Likazuka tatizo la pili: mistari ya kompyuta ilikuwa imenyooka mno, jitu likaonekana limebandikwa juu ya filamu ya wengine. Walifanya nini? Waliandika programu ya kuitikisa mistari ya jitu kidogo, ifanane na mstari wa mkono. Waliifundisha mashine kukosea kama mtu! Ndiyo maana mtoto anayetazama hahisi mshono kati ya Hogarth na rafiki yake.

Studio ya Warner Bros. haikuipa matangazo ya kutosha. Mwaka mmoja kabla, Quest for Camelot ilikuwa imewatia hasara, na hiyo, samahanini, ilistahili. Woga wa ile ukaiangukia hii. Marekani ilikusanya dola milioni 23 hivi tu sinemani. Leo hakuna anayeijua katuni asiyeiheshimu, na mwaka 2015 ilirudishwa sinemani ikiwa na vipande viwili vilivyoongezwa. Kwa hiyo nauliza tena: ilianguka?

Niiguse kwa ufupi Cats Don't Dance, ya 1997, ya Mark Dindal. Paka Danny anakwenda Hollywood mwaka 1939 akitaka kucheza dansi kwenye filamu, anakuta wanyama hupewa kazi ya kusema neno moja na kuondoka. Gene Kelly, bingwa wa dansi za sinema, alikuwa mshauri wa dansi zake kabla hajafariki mwaka 1996. Kampuni ya Turner iliyoitengeneza ilimezwa na Time Warner kabla filamu haijatoka, na mwenye nyumba mpya hakumjali mtoto aliyemkuta ndani. Vijana mnaotaka kuigiza, itafuteni hiyo.

Halafu kuna filamu moja ambayo sisi hasa tuna deni nayo. Kirikou et la Sorcière, ya Michel Ocelot, ilitoka Ufaransa Desemba 1998. Ocelot ni Mfaransa aliyeishi utotoni Conakry, Guinea. Michoro ilifanyika mpaka Latvia na Hungaria, lakini sauti zilirekodiwa Dakar na Waafrika, na muziki ni wa Youssou N'Dour, kwa ala za asili. Kirikou anazungumza akiwa bado tumboni mwa mama yake, anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu mwenyewe, kisha anauliza baba yuko wapi na wajomba wako wapi. Wameliwa na mchawi Karaba, anaambiwa. Kijiji kizima kinamwogopa Karaba. Mtoto yule, asiyefika goti la mtu, ndiye pekee anayeuliza: kwa nini Karaba ni mbaya?

Wenzangu, mmewahi kuona hadithi ya mchawi inayouliza swali hilo? Anakwenda kwa babu yake mlimani, naye anamwambia kwamba Karaba ana mwiba wenye sumu mgongoni, aliochomwa na wanaume, na kwamba maumivu yale ndiyo yanayompa nguvu zake. Kirikou anakwenda kuung'oa kwa meno. Katika nchi ambayo mwanamke mzee akisingiziwa uchawi anaweza kufukuzwa kijijini, filamu hii ina kazi ya kufanya.

Ufaransa watu zaidi ya milioni moja waliiona. Upande wa Kiingereza wasambazaji walisita, kwa sababu wanawake wa kijiji wako vifua wazi na Kirikou yuko uchi, na Ocelot alikataa kuwavika. Sisi filamu hutufikia kwa njia ya Kiingereza, kwa hiyo kilicholala upande wa Kifaransa hutupita, hata kama Kongo iko mlangoni. Wazazi waambiwe mapema kuhusu mavazi, wasishtukie. Ukiwaambia kwamba ni kijiji cha zamani na watu wanatwanga na kuteka maji jinsi walivyokuwa, wengi hawana neno.

Sasa tuje kwetu. Wale mlioziona filamu hizi kwenye kanda, mliona nini hasa? Mliona filamu iliyokatwa. The Iron Giant ilitengenezwa kwa skrini pana sana. Ili iingie kwenye televisheni ya zamani, ya tatu kwa nne, waliondoa pembeni zaidi ya sehemu nne kwa kumi za picha. Jitu na Hogarth hawakutoshea pamoja, kwa hiyo kamera ya studio inahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, jambo ambalo mkurugenzi hakulifanya. Pia televisheni yetu ilikuwa ya mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 iliharakishwa kwa asilimia nne: dakika 86 zikawa 82 na kitu, na sauti zote zikapanda kidogo. Kama wimbo wa utotoni unausikia leo umeshuka, sikio lako halina kosa. Na waliotumiwa kanda kutoka Marekani, ambako mfumo ni NTSC, kwenye deki ya PAL peke yake waliambulia picha inayozunguka, au isiyo na rangi. Kanda haikuwa mbovu. Ilihitaji deki ya mifumo yote.

Zilipokuja VCD, zile diski za video, diski moja ilibeba dakika 74 hivi. Filamu ndefu ikagawanywa mara mbili, na diski ya pili ikapotea. Wako watu wazima hapa wanaojua mwanzo wa filamu kadhaa na hawajui mwisho wake mpaka leo.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha watoto, atafute nakala ya upana kamili, halali, na aombe ruhusa ya kuonyesha hadharani, kwani sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inalinda na hizi. Kisha mambo ya fundi. Zimeni ule mpangilio wa televisheni mpya unaolainisha mwendo: mashine hubuni fremu katikati ya michoro miwili, na katuni ya mkono huonekana inateleza kwenye mafuta. Msivute picha ya zamani ijaze skrini pana, nyuso zinanenepa. Acheni pembeni pawe peusi. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani shuka la mita mbili, mita tatu nyuma. Spika ziwe kwenye shuka, si nyuma ya watoto, la sivyo sauti inatoka kisogoni na mtoto mdogo anageuka kila mara. Nje, msianze kabla ya saa moja na robo jioni, kwa sababu kabla ya hapo weusi wote ni kijivu. Ndani ya jengo la mabati, miezi ya Aprili na Mei onyesheni asubuhi. Mvua ya alasiri ikipiga bati, hakuna spika itakayoshinda.

Watafsiri, nanyi nina ombi. Mmezoea filamu za mapigano, ambako kimya ni hasara. Kwenye katuni kimya ni mali. Itazameni filamu nzima kwanza, andikeni maneno ya kila mhusika, wekeni alama mahali pa kunyamaza. Jitu la chuma lina maneno machache sana, myaseme machache vile vile. Nyimbo msizitafsiri juu kwa juu. Elezeni maana yake kabla wimbo haujaanza, kisha acheni uimbwe. Kirikou anauliza maswali mengi mafupi, na utani mkiuingiza hapo mtoto anapoteza uzi.

Mwisho, kanda mlizokuja nazo kwenye mifuko ili zihamishiwe kwenye kompyuta. Tafadhali asiicheze mtu nyumbani kwanza. Fungueni kifuniko cha mbele, iangalieni kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu, na hapa karibu na ziwa huota haraka. Kanda hiyo ikiingia kwenye deki, huchafua kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kichwa hukichafua kila kinachofuata. Iliyokatika isiunganishwe kwa selotepu ya kawaida, gundi yake hutoka na kunasa. Iliyo safi iviringishwe mpaka mwanzo na kusimamishwa wima, mbali na spika. Kuhamishia kwenye kompyuta huchukua muda ule ule wa filamu, na saa moja ya ubora mzuri hula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo tutaanza na zile mlizorekodi wenyewe, ambazo hazipatikani popote. Meza ya kushoto ni ya kanda safi, ya kulia ni ya zenye ukungu. Msizichanganye.